Sentensi Moja Kuhusu Chemchemi

Mume wangu hakuwa mtu wa kucheka sana. Nyumbani alitabasamu, alishukuru chakula, aliuliza habari za soko. Lakini kucheka kwa sauti, kule kucheka kunakomlazimisha mtu aweke kikombe chini, alikufanya akiwa anaangalia simu. Na nilimjua anayemchekesha. Alikuwa mtu wa kwenye kamusi elezo aliyejiita kwa jina la ndege. Sikuwahi kumwona, nami nilimwonea wivu kwa miaka. Mume wangu alipokufa, wivu ule haukwenda naye kaburini.

Kamusi elezo, kwa namna mume wangu alivyonieleza, ni kitabu kikubwa cha maarifa kilichomo kwenye mtandao. Kinaandikwa na watu wa kawaida, kila mmoja kwao, bila malipo. Yeyote anaweza kuongeza neno, na yeyote anaweza kulifuta. Nyuma ya kila ukurasa kuna ukurasa mwingine wa majadiliano, ambako waandishi wanaulizana na kugombana. Nilimwambia hiyo ni kama nyumba yenye sebule safi na jiko la nyuma. Alisema ndiyo, na kwamba yeye alipenda zaidi jikoni.

Alikuwa na kibanda mtaa wa Nyakasanza, hapa Bunia, anachaji simu za watu kwa paneli ya jua na kutengeneza redio. Wateja wakipungua, anaandika. Aliandika mambo mengi, lakini ukurasa aliouhangaikia ni wa kilima chetu, upande wa Djugu, tulikotoka tukikimbia vita. Nyumba za pale zilichomwa. Watu wametawanyika, wengine wako kambini, wengine hapa Bunia kama sisi, wengine walivuka ziwa kwenda nchi jirani. Alisema kama hakuna atakayekiandika kilima kile, watoto wanaozaliwa sasa watafikiri ukoo wetu ulianzia chini ya hema la plastiki.

Mimi nauza maharagwe na unga wa mihogo. Jioni nikichambua maharagwe kwenye sinia, alikuwa akiniuliza. Nani alipanda ile mikaratusi ya kanisani? Njia ya mtoni ilipita wapi kabla ya mvua kubwa? Mara nyingi nilimjibu kwamba sijui, maana sikujua. Siku moja aliuliza kuhusu chemchemi, na hiyo niliijua, kwa sababu nimeteka pale tangu nilipoweza kubeba kibuyu. Nilimwambia jinsi tulivyofanya. Akaandika, kisha akanisomea:

"Mwanamke aliyetoka kuzaa, au aliyefiwa, aliachiwa kuteka maji wa kwanza, na hakuna aliyemsemesha mpaka chombo chake kijae."

"Iko muzuri?" akaniuliza.

"Iko kweli," nikasema.

Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Kuona maneno niliyoyasema juu ya sinia ya maharagwe yamesimama pale, ambapo mtu wa nchi yoyote anaweza kuyasoma, kulinipa furaha ambayo sikumwonyesha. Katika kurasa zote alizoandika, sentensi ile peke yake ilikuwa yangu.

Kesho yake alirudi kutoka kibandani akiwa na furaha kama mtu aliyeletewa mgeni.

"Mama, ule mutu wa ndege amenifuta tena!"

"Amefuta nini?"

"Ile ya chemchemi. Anasema haina chanzo. Anataka kitabu, ao gazeti. Nimerudisha."

"Anakufuta, na weye unacheka?"

"Iko na akili, mama. Akili mubaya kabisa."

"Ni mwanamuke?"

"Sijue. Hatujaulizana."

Sikumwamini. Mtu unagombana naye miaka yote hiyo, humwulizi kama ni mwanamke? Mimi na mume wangu hatukugombana kamwe. Nikikasirika, alinyamaza. Nikimnunia, alitoka nje kurekebisha kitu. Majirani walinisifu kwa ndoa yenye amani, nami nilikuwa nikiitikia. Kumbe maneno makali alikuwa nayo, mizaha alikuwa nayo, ubishi wa kuamka nao asubuhi alikuwa nao, na vyote alimpelekea yule mtu wa ndege. Mimi nilibakiwa na tabasamu. Nilitamani siku moja anifute mimi, nimrudishe, anifute tena.

Ugonjwa wake ulikuwa mfupi. Kilio tulikikalia uani kwetu, mtaa wa Bigo. Nilikaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, na kila aliyeingia alinijia mimi kwanza, akainama, akanishika mkono, ndipo akaenda kutafuta kiti. Ndivyo inavyofanywa. Anayeruka mkeka wa mjane na kwenda moja kwa moja kwenye viti vya wanaume, watu wanamtazama.

Baada ya mazishi, ndugu zake waligawana vitu vya kibanda. Simu waliniachia. Nilikaa nayo bila kuigusa mpaka siku moja, soko likiwa limelala, nikanunua mega za intaneti na kufungua ile kamusi. Nilitaka kusoma sentensi yangu, basi.

Kabla ya kufika huko niliona ukurasa wake mwenyewe, ule wenye jina alilojipa. Juu walikuwa wameweka picha ya mshumaa. Chini yake kulikuwa na watu. Wengi sana, wa nchi ambazo sijafika. Mmoja alisema marehemu alimfundisha kuandika vizuri. Mwingine alisema hakuna aliyekuwa na subira kama yeye. Mwingine alisimulia mzaha wake mmoja na wote waliofuata wakaucheka tena. Kulikuwa na kilio kingine cha mume wangu, kilichokaliwa siku zilezile tulizokaa sisi, na mimi sikuwa na mkeka pale.

Na aliyekianzisha alikuwa ndege. Ndiye aliyeandika wa kwanza: "Nimesikia leo redioni tangazo la kifo cha mwenzetu." Hapo ndipo nilipojua kwamba ndege anaishi Bunia, kwa sababu tangazo lile tulilipeleka kwenye redio ya hapa mjini, na humo tulitaja kibanda chake na kuandika kwake kwenye kamusi. Watu wote walimpa pole yeye. "Pole sana, tunajua mlivyokuwa." Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimekaa nyuma ya magunia yangu, na mteja akaniita mara kadhaa bila mimi kusikia.

Mlivyokuwa vipi?

Kisha nikaenda kwenye ukurasa wa kilima. Mikaratusi ilikuwepo. Kanisa lilikuwepo. Sentensi yangu haikuwepo. Nilijua pa kuangalia, maana mume wangu aliwahi kunionyesha: kuna mahali panapotunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Ilifutwa wiki ileile tuliyomzika. Aliyefuta: ndege. Sababu: haina chanzo.

Nitasema nilichohisi kama nilivyohisi. Sikufikiria chanzo wala sheria. Niliona mwanamke ameingia nyumbani kwangu wakati wa kilio, amekaa mahali pangu, amepokea pole zangu, kisha akatoka na kitu kimoja tu nilichokuwa nacho.

Simu ya mume wangu ilikuwa bado imefunguliwa kwa jina lake. Niliirudisha sentensi. Halafu nikaenda kwenye ule ukurasa wa mshumaa nikaandika: "Asanteni kwa pole. Mimi ni mke wake. Hakuna aliyenisalimu."

Kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida. Hapa kwetu mtu akifa, mjane ndiye anayepokea simu yake na kujibu. Wateja wa kibanda walipopiga, nilipokea mimi, na hakuna aliyeniambia kwamba nimevaa jina la mtu. Sikujua kwamba kule, neno likitoka kwa jina la marehemu, wanaona mwizi amefungua kaburi.

Kabla sijafunga mizigo yangu sokoni, maneno yangu yote mawili yalikuwa yameondolewa, na pakawekwa tangazo: akaunti hii ni ya mwandishi aliyefariki, inatumiwa na mtu mwingine, imefungwa. Chini, jina la msimamizi aliyefunga. Ndege.

Nyumbani nilimkuta dada yake mume wangu akipuliza makaa ya mbabula. Yeye ni mtu wa maneno, na tangu kilio alikuwa akiishi nami.

"Uso huo ni wa nini?" akauliza. "Wamekuibia maharagwe?"

"Nimefukuzwa kwenye kilio cha bwana yangu."

"Kilio gani? Kilio iliisha."

"Ile ingine. Ya ku internet."

"Na nani amekufukuza?"

"Ndege."

Akaacha kupuliza, akanigusa shingo kwa nyuma ya mkono. "Homa haina," akasema. "Basi ni njaa. Kaa, ule bugari."

Nilipomweleza vizuri, alicheka mpaka moshi ukamwingia kooni, kisha akakasirika kuliko mimi. "Mwandikie! Mwambie kama iko mutu ya kweli, ikuje hapa na miguu yake. Siye tuliandaa viti kwa bure?"

Kijana aliyenunua kutoka kwa shemeji zangu vifaa vya kibanda cha mume wangu alinifungulia akaunti yangu mwenyewe. Niliandika kwenye ukurasa wa ndege maneno haya tu: kwamba mimi si mwizi, ni mke wa marehemu, kwamba nyumbani ni Bigo, na akifika karibu na bomba la maji la mtaa, kila mtu atamwonyesha, kwamba waliokuja kwenye kilio walinisalimu, na yeye hajanisalimu.

Alijibu siku hiyohiyo. Neno moja: "Nitakuja."

Nilimngoja kama mtu anavyongoja mke mwenza. Nitasema na hilo. Nilifua kikwembe changu kizuri cha maombolezo. Nilitafuta maneno. Katika mawazo yangu alikuwa kijana, mrefu, mwenye viatu vya ofisi na Kifaransa kingi.

Alinikuta bombani, sijavaa kikwembe kile, nina bidoni ya njano na kitambaa cha zamani kichwani. Mstari ulikuwa mrefu. Nilikuwa nimeshaweka bidoni chini ya maji nilipoona mwanamke mgeni amesimama hatua chache kutoka kwangu, mnene kidogo, wa umri wangu, ana mkoba wa plastiki na viatu vyenye vumbi. Alinitazama kitambaa, maana dada yake mume wangu alikuwa amemwelekeza hivyo nyumbani, lakini hakusema kitu. Maji ya bomba letu yanatoka taratibu. Wanawake wa kwenye mstari walianza.

"Mama, unatafuta nani?"

Kimya.

"Ao unataka kuingia mbele bila bidoni?"

"Sema basi! Umesimama kama nguzo ya umeme."

Mwanamke aliinamisha kichwa, akangoja. Waliendelea kumcheka, naye aliendelea kungoja. Bidoni ikajaa. Nikaifunga kifuniko. Ndipo akasogea, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole na kilio, mama," akasema. "Ni miye."

Nilielewa mara moja. Alikuwa akifanya sentensi yangu. Ile aliyoifuta. Kati ya wanawake wote wa mstari ule, na wengine wao ni wa kilima chetu kabisa, ni yeye aliyekumbuka kwamba mfiwa hasemeshwi mpaka chombo kijae. Nilitaka kuguswa moyo. Sikuguswa. Niliona wivu zaidi kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa ameshika hata hiyo, na ameishika vizuri kuliko watu wangu.

Alinisaidia kuinua bidoni. Nyumbani, dada yake mume wangu alimletea kiti. Alikikataa, akakaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu pembeni kama inavyotakiwa. Alieleza kwamba anafanya kazi kwenye sekretariati ya shule moja huko Ngezi. Hana mume. Kwenye kamusi ile yeye ni mmoja wa wanaochaguliwa kulinda kurasa.

"Ulinifunga," nikamwambia.

"Nilifunga jina yake, mama. Sikujua ni weye. Kuna watu wanaiba majina ya wafu na kuandika matusi. Nilipoona jina yake inasema, nilifunga palepale."

"Nilisema niko muke wake."

"Kila mwizi anasema kitu."

Dada yake mume wangu akaguna kutoka jikoni. "Hapo amekushinda."

"Na sentensi yangu?" nikasema. "Uliifuta wiki ya kilio. Hukuweza kungoja?"

Alisema sentensi ile waliigombania miaka. Alikuwa akiifuta, mume wangu akiirudisha, kisha yeye anaiacha kwa muda, na baadaye wanaanza upya. Aliponiona nimekaza uso, akasema mume wangu akiwa hai, kulikuwa na mtu wa kuisimamia. Alipokufa, wengi walikwenda kuangalia kurasa zake, na mmoja wao, wa nchi nyingine, akapendekeza ukurasa wote wa kilima ufutwe kwa sababu vyanzo vyake ni vichache. "Niliona bora niondoe ile isiyo na kitu cha kuishikilia, kilima kibaki. Kimebaki."

"Angekuambia chanzo ni nani."

"Nilimuuliza mara nyingi. Chanzo ni nani? Alikataa kusema jina." Akatafuta kwenye simu yake, akanipa nisome mwenyewe. Ulikuwa ukurasa wa majadiliano, ule wa jikoni. Mume wangu alikuwa ameandika: "Chanzo changu kinalala upande wa ukuta, kinaamka kabla yangu, na tangu nikijue hakijanidanganya hata siku moja. Niletee kitabu chenye sifa hizo."

Upande wa ukuta ndiko ninakolala.

Nilisoma tena. Nilikuwa nimeishi na mtu huyo, na maneno hayo hakuwahi kuniambia. Aliyaandika yasomwe na ndege. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikanichoma, maana ilinijia kupitia mikono ya mwingine.

"Siye wote tulikuwa tunakuita hivyo," akasema. "Chanzo cha ukutani. Sikujua jina yako."

"Basi irudishe."

"Hapana, mama." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Ile si kitabu. Nikiirudisha kwa sababu nimekaa hapa na nimekunywa chai yako, kesho nitamwambia nini mwingine? Naweza kuiweka kwenye ukurasa wa majadiliano, na jina yako mwenyewe chini yake. Itangoja pale. Siku mutu akiandika kitabu juu ya kilima, inaingia."

"Nani ataandika kitabu? Watu wametawanyika."

"Itangoja," akarudia.

Nilijua kwamba mume wangu angempinga hapo, na kwamba angefurahia kumpinga. Mimi nilikuwa na uchungu tu. Nikasema sawa.

Chai iliisha. Nilidhani ataaga. Badala yake akaanza kuzungusha kikombe kitupu, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea, akiangalia chini.

"Mama, nikuulize. Alikuwa anacheka namna gani?"

"Hukumsikia?"

"Wapi? Miye sikumuona hata siku moja. Alikuwa anaandika 'nimecheka'. Miaka yote, 'nimecheka, nimecheka'. Nilipita Nyakasanza mara nyingi, sikujua ni kibanda gani. Nilijua siku ya tangazo." Akaacha kuzungusha kikombe. "Weye ulimusikia."

Hapo nilimwona kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa macho yangu. Alikuwa akiniangalia kama nilivyokuwa nikiiangalia simu ile miaka yote.

Ningeweza kumnyima. Ningeweza kusema alicheka kila siku, mezani, na mimi, kwa vituko vyangu. Nilikuwa na uongo huo tayari mdomoni, na ulikuwa mtamu. Lakini nilikuwa nimeshasoma sifa yangu, ya chanzo kisichodanganya, nami sikutaka kuiharibu siku ileile niliyoipata. Nikamwambia ukweli: kwamba kicheko chake kilianza puani kama mtu anayezuia chafya, mabega yakapanda, ndipo sauti ikatoka yote kwa pamoja, nyembamba kuliko sauti yake ya kusema. Kwamba aliweka kikombe chini. Na kwamba humu ndani alicheka hivyo akiwa na simu mkononi tu.

Alijifunika uso kwa mkoba wake wa plastiki. Alilia kwa utulivu, na mimi nilimwacha alie.

Alipojipangusa, akauliza, kwa woga kidogo, "Naweza kuandika hiyo kwenye ukurasa wake? Pale kwenye mshumaa? Wenzetu wengi wangependa kujua alicheka namna gani."

"Iko na chanzo?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Chanzo ni weye."

"Ile si kitabu," nikasema. "Hapana."

Kwanza nilidhani atakasirika. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza, naye akainamisha kichwa, kama alivyofanya bombani. "Ni sawa," akasema. "Hapo umenishinda."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, akapanda pikipiki kuelekea Ngezi. Sentensi yangu iko kwenye ukurasa wa majadiliano, na jina langu chini yake, kama alivyoahidi. Mara kwa mara huwa naifungua nikiwa sokoni. Nasoma na ubishi wao wa zamani, kidogo kidogo, na mahali pengine mume wangu ana maneno mazuri mpaka wivu unanirudia, nafunga simu, napima maharagwe. Kicheko chake hakimo humo. Nimekitafuta kote, hakimo.